SHABA ILIYO NDANI YA MWILI, NA WANA-MBUZI WASIOWEZA KUSIMAMA

Mfugaji akiamka asubuhi akamkuta mwana-mbuzi aliyezaliwa usiku amelala ubavu, macho yake maangavu, anyonya vema akisogezewa chuchu, lakini miguu ya nyuma haimbebi, hufanya nini? Humwinua. Mwana-mbuzi husimama kitambo, hupepesuka kama mlevi, kisha makalio huenda upande wake na miguu ya mbele upande wake, akaanguka. Akitokea mmoja wa namna hii, watu husema ni bahati mbaya. Wakitokea watatu katika zizi moja, na mwaka wa pili wakatokea tena, huanza kusemwa neno jingine, kwanza kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, halafu kwa sauti kubwa kilabuni. Na mara nyingi jina litajwalo ni la bibi kizee mmoja mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko. Nasi tukaao Sumbawanga, mji ambao wazee hutuambia maana ya jina lake ni "tupa uchawi", twajua neno kama hilo likianza huweza kuishia wapi.

Leo hatuandiki habari za uchawi. Twaandika habari za shaba, kwa kuwa ugonjwa tuliousimulia umechunguzwa katika nchi nyingi, Kenya mojawapo, na imeonekana kuwa mara nyingi sababu yake ni uhaba wa shaba katika mwili wa mama alipokuwa na mimba. Twawaomba walimu, na wote wakaao barazani kuamua mashauri ya vijiji, wavumilie kidogo, maana hatuna budi kuzunguka mbali kabla ya kurudi zizini.

Shaba yenyewe si kitu kigeni kwetu. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma, na magofu ya malungu, zile tanuru ndefu za udongo, yangali yaonekana katika nchi yetu. Lakini shaba ilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Katanga, ambako iliyeyushwa ikasubiwa mfano wa msalaba, ikafuliwa nyuzi na bangili. Katika karne ya 19 Wasumbwa na Wanyamwezi walikwenda huko kuitafuta, na mmoja wao, Msiri, akawa mtawala mkubwa katika mji wa Bunkeya hata alipouawa mwezi wa Desemba, 1891. Wako watu wavaao bangili za shaba hata leo kwa kuzuia maumivu ya viungo. Hatutaki kumwondolea mzee pambo lake, lakini majaribio yaliyofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2009 na 2013 hayakuona kuwa bangili hizo zapunguza maumivu kuliko bangili isiyo na shaba. Shaba ifaayo mwili ni ile iingiayo kwa kinywa.

Nayo huanza udongoni. Katika vilima vya Katanga vyenye shaba nyingi kupita kiasi, miti mingi hushindwa kuota; hupatikana nyasi na maua machache yaliyozoea sumu ile. Ua moja, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, ni la jamaa moja na kivumbasi chetu. Kwa kulifuata ua hilo wachimbuaji wa mambo ya kale wamegundua mahali ambapo watu wa zamani walikuwa wakiyeyusha shaba. Kwingineko udongo una shaba haba mno hata ngano hukauka ncha za majani na masuke yake hukosa punje. Mambo hayo yalionekana katika Bonde la Ufa la Kenya, ambako udongo ni wa majivu ya volkeno, katika miaka ya 1960. Basi majani yakiwa na shaba haba, alaye majani naye atakuwa na shaba haba, na kitoto kilichomo tumboni mwake kadhalika.

Mtu mzima ana shaba kiasi gani mwilini? Yapata miligramu 50 hadi 120. Miligramu ni sehemu moja katika elfu ya gramu. Ungeikusanya shaba yote ya mtu mmoja usingepata hata pete ya mtoto mchanga. Haja yake kwa siku haifiki miligramu moja. Alaye maharage, karanga, ufuta, ugali wa nafaka isiyokobolewa, dagaa, na maini pale yapatikanapo, huipata bila kujua. Kwa sababu hiyo watu wazima walao vema hawaugui kwa kukosa shaba illa kwa nadra, kama wale waliokatwa sehemu ya tumbo, au waliomeza dawa za zinki kwa wingi na kwa muda mrefu, maana zinki huizuia shaba isipite katika utumbo.

Kitu kidogo namna hiyo chafanya kazi gani? Ndani ya mwili mna vimeng'enya, navyo ni mfano wa vyombo vya fundi: randa, tupa na patasi. Kazi hufanyika kwa chombo, na kazi ikiisha chombo hubaki kwa kazi nyingine. Vimeng'enya kadhaa vimefungiwa chembe za shaba mahali pa makali. Ondoa shaba, mpini wabaki bila patasi.

Kazi ya kwanza kujulikana ilikuwa ya damu. Mwaka 1928, katika chuo cha Wisconsin huko Marekani, E. B. Hart na wenzake waliwalisha panya maziwa matupu hata damu yao ikawa dhaifu. Maziwa yana chuma haba, basi wakawapa chuma safi. Panya hawakupona. Walipowatilia na shaba kidogo pamoja na chuma, damu ikarudi wekundu wake. Chuma ndicho kiingiacho katika wekundu wa damu, lakini bila shaba chuma hukwama ghalani, hakitoki kwenda kufanya kazi. (Konokono yeye hana wekundu huo hata kidogo; kibebacho hewa katika damu yake ni shaba yenyewe, na kwa hiyo damu yake ikipata hewa huwa na rangi ya samawati.)

Kimeng'enya kingine cha shaba hutengeneza weusi wa nywele na manyoya. Kingine hufunga nyuzi za mishipa ya damu na za mifupa zishikamane kama kamba iliyosokotwa vema. Zisiposhikamana, mfupa huvunjika kwa jambo dogo. Kingine tena humo katika kila chembe ya mwili, mahali chakula kinapounguzwa kwa hewa tuivutayo ili kupata nguvu. Ubongo na uti wa mgongo hudhurika upesi nguvu hiyo ikipungua.

Na hapo ndipo jambo letu lilipo. Mshipa wa fahamu ni kama waya wa simu: ndani mna uzi upelekao habari, na nje mna ala ya mafuta mfano wa mpira uuvikao waya. Ala hiyo katika uti wa mgongo huanza kuvikwa kitoto kingali tumboni, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Shaba ikikosekana wakati huo, ala haivikwi sawasawa, na pengine uzi wenyewe huharibika. Kichwa hutuma amri, "Simama", lakini amri haifiki miguuni, au hufika imevurugika. Ndiyo maana mwana-mbuzi yule ana macho mazuri na hamu ya kunyonya, hana homa wala jeraha, lakini nyuma ni kama si wake.

Wa kwanza kulithibitisha jambo hili walikuwa H. W. Bennetts na F. E. Chapman, wa Australia ya Magharibi, waliotangaza kazi yao mwaka 1937. Wana-kondoo wa huko walikuwa wakizaliwa wamepooza, na mama zao damu yao ilikuwa dhaifu. Walipopewa shaba kondoo wenye mimba, walizaa wana wazima. Mwaka 1964 waganga wa mifugo wa Kenya wakatangaza kuwa ugonjwa wa namna ile ile umewapata mbuzi na kondoo wa nchi hiyo. Hata swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ambao hakuna jirani wa kuwaonea kijicho, walipochunguzwa katika miaka ya 1980 walionekana kuwa na shaba haba.

Si lazima udongo wenyewe ukose shaba. Kuna madini yaitwayo molibdeni, ambayo yakiwa mengi katika majani, pamoja na kiberiti kilichomo katika maji au malisho, huungana na shaba ndani ya tumbo kubwa la mnyama acheuaye. Mwungano huo hauwezi kupenya utumbo. Shaba hutoka na mavi kama mgeni aliyefika mlangoni asifunguliwe. Kwa hiyo mbuzi wa vijiji viwili vilivyo jirani waweza kutofautiana kabisa. Ardhi iliyo juu ya Lyamba lya Mfipa siyo ardhi ya bondeni Rukwa, na hata bondeni kwenyewe mbuga ya tope siyo kichanga. Asiseme mtu kwamba kwa kuwa mifugo ya fulani ni mizima juani na mvuani, ya mwenziwe imerogwa.

Mfugaji mwangalifu ataona dalili kabla ya mwana-mbuzi kuanguka. Kondoo mweusi sufu yake hupauka, ikawa ya kahawia, na yale mawimbi yake hunyooka kama uzi. Ng'ombe mweusi huwa wa kutu, na pengine manyoya yaliyozunguka macho hufifia hata akawa kama amevaa miwani. Ndama huharisha bila kukoma, hawanenepi ingawa majani yapo, na mifupa yao ni myepesi kuvunjika. Wana-mbuzi nao hawaugui wote siku ya kuzaliwa: wengine hucheza vizuri wiki kadhaa, hata miezi, kisha huanza kuyumba wanapokimbizwa. Hao ndio waletao fitina kubwa, maana watu husema, "Alikuwa mzima, mpaka fulani alipopita hapa."

Hata hivyo yafaa tuseme kwa haki: si kila mwana-mbuzi asiyesimama amekosa shaba. Kitovu kikiingiwa na uchafu, viungo huvimba. Lakini huyo ana homa na vifundo vya moto. Kupe wa namna fulani huleta kupooza. Pengine ni jipu katika uti wa mgongo, au ameangukiwa na mti. Mwenye kuthibitisha ni mganga wa mifugo.

Ghala ya shaba mwilini ni ini. Twaweza kulifananisha na karani wa ghala: hupokea shaba itokayo utumboni, huandika ya kutoka na ya kubaki, hupakia nyingine katika chombo cha damu kiitwacho seruloplazmini, na iliyozidi huitoa kwa njia ya nyongo iende chooni. Kuna milango miwili basi, wa kuingilia na wa kutokea, na kila mmoja wao ukiharibika mtu huugua.

Habari ya mlango wa kwanza hatuwezi kuiacha, kwa kuwa ilifunguliwa na kondoo. Mwaka 1962 daktari John Menkes wa New York aliandika habari za jamaa moja ambayo watoto wanaume watano walidhoofika ubongo na kufa wangali wachanga. Nywele zao zilikuwa haba, nyeupe-nyeupe, zimejisokota na kukatika upesi. Miaka kumi ikapita bila sababu kujulikana. Mwaka 1972 daktari mwingine, David Danks wa Melbourne, alipotazama nywele za watoto wa ugonjwa huo, akakumbuka sufu ya wale kondoo wa Australia waliokosa shaba. Akapima damu ya watoto; shaba ilikuwa haba mno. Ilionekana kuwa watoto hawa hula shaba kama wenzao, lakini hukwama katika utumbo, kwa kuwa urithi wao una kasoro mahali pamoja tu. Kasoro hiyo yenyewe ilipatikana mwaka 1993. Nasi twastaajabu kwamba aliyekuwa na ufunguo wa maradhi ya watoto wa New York alikuwa mtu aliyezoea kuona kondoo.

Mlango wa kutokea nao una ugonjwa wake, ulioelezwa na Samuel Alexander Kinnier Wilson huko London mwaka 1912. Huwapata yapata mtu mmoja katika 30,000, nao hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe huwa wazima. Shaba haitoki katika ini. Hujaa hata ikafurika kwenye ubongo. Kijana wa miaka kumi na kitu huanza kutetemeka mikono, maneno humpotea kinywani, tabia hubadilika, na pengine ini huharibika kwanza. Kando ya mboni huweza kuonekana duara la rangi ya kahawia au kijani. Twaliandika jambo hili kwa makusudi, maana kijana wa namna hii hudhaniwa kuwa ana pepo, akapelekwa huku na huku hata wakati wa kutibiwa ukapita. Dawa ipo. Mwaka 1956 John Walshe alieleza dawa ya kumeza iitwayo penisilamini, ambayo huishika shaba na kuitoa kwa mkojo, na baadaye ikaonekana kuwa zinki nayo, ile ile izuiayo shaba utumboni, huwafaa wagonjwa hawa. Dawa huliwa maisha yote.

Twarudi zizini, na hapa twaomba msomaji asiharakishe. Tumekwisha kuona mtu akisikia nusu ya somo akaenda dukani kununua mrututu, kwa kuwa mrututu ndani yake mna shaba, akautia katika maji ya kunyweshea. Sehemu ya robo ya mrututu ni shaba. Basi gramu moja, ambayo ni ncha ya kijiko tu, ina shaba yapata miligramu 250. Kondoo alaye kilo moja ya majani makavu kwa siku ahitaji miligramu tano mpaka kumi. Ncha ile ya kijiko ni karibu sawa na haja yake ya mwezi mzima!

Tena kondoo ni dhaifu mbele ya shaba kuliko mbuzi na ng'ombe. Ini lake hupokea sana na kutoa kidogo. Kwa wiki nyingi huonekana mzima, naye ajaza ghala. Siku moja hupata taabu kidogo, ama safari ya mnadani, ama njaa, na ini hufunguka kwa ghafula likaimwaga shaba yote katika damu. Chembe nyekundu za damu hupasuka. Macho na ufizi huwa manjano, mkojo huwa mweusi-mwekundu, na baada ya siku moja au mbili kondoo amekufa. Waganga huweza kuwaokoa wengine kwa dawa ya molibdeni, yule yule mwizi wa shaba tuliyemtaja. Kwa hiyo dawa ya mrututu ya kunyunyizia kahawa isifunguliwe karibu na zizi, wala kondoo wasilishwe majani yaliyonyunyiziwa. Chumvi ya kulamba iliyotengenezwa kwa ng'ombe nayo wasipewe kondoo, maana shaba iliyotiwa humo ni kwa kadiri ya ng'ombe.

Mwana-mbuzi aliyekwisha kupooza sana hatapona kwa kupewa shaba, kwa kuwa uti wa mgongo ulioharibika haujengwi upya. Aliyeanza kuyumba kidogo tu, mganga aweza kumsaidia asizidi. Tiba yenyewe ni ya mama, naye hupewa shaba kwa kipimo cha mganga katikati ya mimba, kabla uti wa mgongo wa mwana haujavikwa ala yake.

Ili mganga ajue, yampasa apate vitu vya kupima. Mwana-mbuzi wa namna hii akifa, au akichinjwa kwa kuwa hana tumaini, mwite ofisa wa mifugo wa kata siku ile ile. Kipande cha ini kama kidole gumba kitiwe katika chupa safi au mfuko safi wa plastiki, bila chumvi wala dawa, kikawekwa mahali pa baridi. Ubongo na uti wa mgongo atautoa yeye mwenyewe na kuutia katika dawa ya kuhifadhi. Mama wa mwana-mbuzi naye atolewe damu, pamoja na mbuzi wengine wachache wa zizi lile, walio wazima na wasio wazima. Juu ya karatasi yaandikwe jina la kijiji, umri wa mwana-mbuzi, siku alipoanza kuyumba, wangapi wamezaliwa mwaka huu na wangapi wameanguka, mahali wanapolishwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi, maji wanayokunywa, na chumvi au dawa yoyote waliyopewa. Mwalimu wa shule ya karibu aweza kuwa mwandishi ikiwa mwenye mbuzi hajui kuandika.

Na kama shauri limekwisha kufika barazani, na jina la mtu limekwisha kutajwa, mwenye baraza akumbuke kuwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo ingaliko, humshika pia yule amsingiziaye mwenziwe. Na aandike katika daftari lake kwamba ini limepelekwa, siku fulani, kwa mkono wa fulani, na kwamba baraza limeahirishwa mpaka jibu litakaporudi.